Samadari ya bibi: kabla fundi hajafungua msasa

*Shikamoo mtaalamu. Tumerithi samadari ya bibi mzaa mama, aliyokuja nayo kutoka Pangani alipoolewa hapa Tanga. Matendegu yake yamekerezwa na yana mistari myekundu, ya njano na myeusi inayong'aa, ila mawili kati ya manne mjomba aliyapaka rangi ya mafuta ya kijani miaka mingi nyuma. Mchagoni kuna vioo vitano vya maua na tausi, rangi iko nyuma ya kioo, na kimoja kimeanza kubanduka. Juu ya vioo kuna ubao uliochorwa maua kwenye mbao yenyewe. Fundi wetu anasema atapiga msasa kote, atapaka vanishi, na vioo atatoa aweke vipya vya stika. Binti yangu anaolewa baada ya miezi minne na anakitaka kitanda hiki. Nimwachie fundi aendelee?*

Marahaba, dada yangu. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linataka ukae na kikombe cha chai, ila kikombe chenyewe usikiweke juu ya samadari, na sababu utaiona hapo chini.

Fundi wako si mjinga. Angeletewa mlango wa mninga uliochakaa akasema msasa na vanishi, ningemuunga mkono. Amezoea kazi ambayo mti ndio mali na rangi ni nguo tu ya juu. Kwa samadari yako ni kinyume. Msaji bado unauzwa, na fundi wa kukereza tendegu jipya ukimtafuta utampata. Ngozi ile ya juu, nyembamba kuliko ukucha, ndiyo isiyopatikana tena, na msasa namba 80 utaimaliza kabla adhuhuri haijaadhiniwa.

Tuanze na matendegu. Mistari ile haikupakwa kwa brashi. Chukua tochi ya simu, imulike kwa ubavu, utaona hakuna mkwaruzo hata mmoja wa nywele za brashi, na mipaka ya rangi imekatika sawasawa kuzunguka mti mzima. Hiyo ni lakiri, ndugu yake ile iliyokuwa ikiyeyushwa kufungia barua na vifurushi. Asili yake ni utomvu wa kijidudu cha India na nchi jirani zake, Kerria lacca, kinachojazana kwa maelfu kwenye vitawi vya miti na kujifunika kwa ganda. Mafundi wa Kach na Gujarati, magharibi mwa India, ambako samani nyingi za namna hii zilitoka kwa majahazi, waliukanda utomvu huo pamoja na rangi ya unga hadi ukawa kijiti kigumu. Tendegu likizunguka kwenye kerezo, fundi hukigandamiza kijiti juu ya mti. Msuguano huleta joto, joto huyeyusha lakiri, nayo hujipaka yenyewe mduara mzima. Baadaye huisawazisha na kuing'arisha kwa jani gumu na tone la mafuta, mti ukiwa bado unazunguka.

Ukishajua ilivyopakwa, unajua itakavyokufa. Kilichoyeyuka kwa joto kitayeyuka tena kwa joto, na lakiri hulainika mapema kabla maji hayajachemka. Ndiyo maana chini ya kikombe cha chai hubaki duara. Adui wa pili ni spiriti. Utomvu huu huyeyuka ndani yake kama sukari kwenye maji ya moto. Najua kwa sababu nimewahi kufanya. Nilipokuwa najifunza kazi, nilipewa kiti cha watu nikifute vumbi, nikaona uchafu umeganda, nikatia spiriti kidogo kwenye kitambaa. Kitambaa kilitoka chekundu, na mguu wa kiti ukabaki na baka la mti mtupu upana wa vidole viwili. Mwenye kiti hakugundua. Mimi mpaka leo nikipita barazani kwake natazama ng'ambo.

Kuna na jambo la afya, na hili mwambie fundi hata kama mengine hayamwingii. Wekundu wa lakiri za zamani mara nyingi ni zinjifuri, ambayo ndani yake mna zebaki. Njano yake mara nyingi ni madini yenye aseniki. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma, huenda pamoja na ile ya mjomba, zilikuwa na risasi. Zikikaa juu ya mti hazimdhuru mtu. Zikigeuzwa vumbi la msasa ndani ya nyumba yenye watoto au mja mzito, zinaingia kifuani, kwenye mikeka na kwenye sufuria. Kwa sababu hiyo pekee msasa ungetosha kukataliwa.

Sasa ile kijani. Watu wengi wakiona rangi iliyopakwa juu ya nyingine hukimbilia dawa ya kubandulia rangi. Dawa hiyo itaondoa kijani, kweli, kisha itaendelea na lakiri bila kupumzika, kwa maana kila kinacholainisha rangi ngumu ya mafuta huilainisha lakiri haraka zaidi. Hapa bahati iko upande wako. Lakiri ni laini kama kioo, na bila shaka bibi alikuwa akiipaka mafuta ya nazi ing'ae, kama walivyofanya wengi. Rangi ya mafuta haishiki vizuri juu ya kitu kama hicho. Tafuta mahali ambapo kijani imeshapasuka, kwa kawaida kwenye shingo ya tendegu au chini karibu na sakafu, uingize ncha ya kisu cha upasuaji kwa ulalo, kisu kikiwa karibu kulala kabisa, uinue taratibu. Ikiwa mjomba hakuparuza mti kabla ya kupaka, kijani itatoka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa na chini utakuta mistari yako. Ikiwa aliparuza, utajua ndani ya dakika tano, kwa sababu kijani haitabanduka au itabanduka na nyekundu mgongoni. Hapo acha. Tendegu la kijani lenye lakiri iliyofunikwa ni bora kuliko tendegu tupu, na yupo atakayekuja baada yetu na dawa nzuri zaidi.

Kazi hii ni ya polepole mno. Tendegu moja linaweza kunichukua wiki. Usijaribu mwenyewe zaidi ya sehemu ya ukubwa wa stempu, kwa ajili ya kupima tu.

Vioo ndivyo vinavyonikosesha usingizi zaidi katika barua yako. Uchoraji wa nyuma ya kioo ulifika pwani ya Gujarati katika karne ya 18 kwa njia ya biashara ya China, ukapendwa, na mafundi wa huko wakaufanya wao. Ugumu wake ni kwamba mchoraji huenda kinyumenyume. Kwenye karatasi ungeanza na mandhari, ukaweka tausi, ukamalizia na nukta nyeupe ndani ya jicho. Kwenye kioo, nukta ya jicho hutangulia, kisha jicho, kisha kichwa na manyoya, na buluu ya nyuma huja mwisho na kufunika kila kitu. Akikosea hakuna kurudi. Rangi hiyo haikuchomwa kwenye tanuri, imeshikilia kioo kwa gundi au mafuta yake tu, na kioo hakina vinyweleo vya kuishikia. Miaka mia ya unyevunyevu wa Tanga, halafu kiyoyozi kipya kinachokausha chumba, na inaanza kujikunja.

Kwa hiyo mtu akifuta mgongo wa kioo "kutoa vumbi", anafuta picha. Upande wa mbele unaweza kufutwa kwa kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa sana, maji yasifike kwenye fremu yakachuruzika nyuma. Upande wa nyuma haufutwi na mtu yeyote, hata mimi siufuti. Tena usiruhusu mtu kufungua ubao ulioko nyuma ya vioo akitaka kuchungulia, maana vipande vya rangi vilivyobanduka mara nyingi vimeegemea ubao huo au vimenata nao. Ukivuta ubao, mkia wa tausi unaondoka nao.

Kile kilichoanza kubanduka kinataka hatua leo, kabla ya yote. Ondoeni mchago mzima, watu wawili au watatu, bila nyundo, mkaulaze juu ya godoro sura ya vioo ikiangalia chini. Ukilala hivyo, kipande kilicholegea hukaa juu ya kioo chake badala ya kudondoka kwenye pengo la fremu. Usiusimamishe tena mpaka umeshughulikiwa. Uweke mbali na dirisha la jua, mbali na kiyoyozi, na mbali na watoto wanaopenda kurukia magodoro. Kurudisha rangi kwenye kioo ni kazi ya mhifadhi: anatia tone moja moja la utomvu mwepesi kwa brashi ya nywele chache, chini ya lenzi. Wengi wetu hutumia akriliki iitwayo Paraloid B-72, kwa sababu haigeuki njano upesi na inaweza kuyeyushwa tena siku ikihitajika. Gundi ya dukani inayokauka kwa sekunde haifai, hata tone. Nayo stika sina la kusema.

Ubao wa maua una subira zaidi, na hapa wewe mwenyewe unaweza kufanya mengi. Kwanza brashi laini ya kupakia rangi za maji, kavu, vumbi likielekezwa kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza uliofungwa kipande cha chandarua ili kipande cha rangi kikitoka kisimezwe. Ukiona maganda yamesimama, yapishe.

Baada ya vumbi utakuta utando wa kahawia unaonata kidogo. Kwenye vitanda vya pwani naujua utando huu kama ninavyoijua sura ya nyumba yetu: moshi wa udi na ubani wa miaka yote, wa vibatari, pamoja na mafuta ya nazi ya mikono na vichwa. Kinachoutoa vizuri kuliko vingi vya dukani ni mate. Usicheke. Mate yana kimeng'enya kinachovunja uchafu wa namna hiyo, yana joto la mwili, na hayana ukali. Watafiti watatu wa Ureno walilipima jambo hili kisayansi, wakachapisha mwaka 1990, na mwaka 2018 wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya kemia, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu ukafikirisha. Sisi tulikuwa tukilifanya bila tuzo. Zungushia pamba kwenye kijiti, ilowanishe ulimini, iviringishe juu ya rangi bila kusugua, itupe ikichafuka, ushike nyingine. Usirudishe iliyotumika mdomoni, na sababu umeshaisoma hapo juu. Malizia kwa pamba yenye maji safi. Usile wala kunywa kitu muda mfupi kabla.

Kabla ya hapo, jaribu kwanza pembeni, mahali ambapo mto hufunika. Pamba ikitoka kahawia ni uchafu. Ikitoka na rangi ya ua, basi rangi ya ubao wako imefungwa kwa gundi ya maji na haitaki unyevu wowote. Rudi kwenye brashi kavu na uishie hapo. Limau, sabuni ya unga, majivu na tina visikaribie kabisa, hata akisema shangazi.

Maganda yaliyosimama juu ya mbao hulazwa kwa jelatini nyepesi, kama gramu 3 kwa mililita 100 za maji, iloweshwe kwanza kisha ipashwe uvuguvugu tu bila kuchemka. Huingizwa kwa brashi nyembamba kwenye ukingo wa ganda, huwekwa karatasi ya kuokea juu, na kubonyezwa kwa kidole. Iko ya ng'ombe na iko ya samaki. Mwambie atakayefanya kazi achague ile mnayoridhika nayo nyumbani. Kwenye ubao unaovumilia maji ni kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu, na kama wako unatetemeka niachie mimi au mwenzangu.

Hukuniambia kuhusu wadudu, lakini sijaona samadari ya mrithi isiyokuwa na vitundu vya bungua. Weka karatasi nyeupe chini ya kitanda kwa wiki mbili. Ukikuta unga mpya, wamo. Unga usipoonekana, vitundu ni makaburi tu, viache. Dawa ya maji ya boroni inaweza kupakwa kwenye mbao tupu, yaani upande wa ndani wa mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, na chini ya vitakizo, zile fupi za kichwani na miguuni, penye rangi hapana. Oili chafu ya gereji, ambayo najua mtu atakushauri, ni nzuri kwa nguzo za uzio. Kwenye kitanda inapenya mti taratibu, na baada ya mwaka mmoja au miwili maua yako yataota madoa meusi yasiyotoka.

Sehemu zilizokosa rangi kabisa je? Hapa wahifadhi tunagombana, na mimi nina upande wangu. Mistari ya tendegu inajirudia. Ukikosekana mshipi mweusi wa nusu inchi kati ya nyekundu na njano, na matendegu mengine yanao, hakuna anayebuni chochote kwa kuujaza. Nitaujaza kwa lakiri ya kijiti iliyoyeyushwa, ndani ya pengo tu, bila kupanda juu ya rangi ya zamani hata unywele. Ua lililopoteza nusu ya petali nitalifunga kwa rangi za maji zilizofifia kidogo kuliko mwenyewe, ili ukiwa mlangoni uone ua na ukiwa karibu ujue mkono wangu umeishia wapi. Lakini tausi aliyepoteza kichwa, nikiwa sina picha ya zamani inayoonyesha kichwa kilielekea wapi, nitamwacha. Picha ya harusi ya bibi au ya mama, iliyopigwa chumbani, ingebadilisha hukumu hii. Itafuteni kwenye maalbamu.

Vanishi. Najua binti anataka king'ae. Matendegu yakisafishwa yatang'aa yenyewe kwa kitambaa cha pamba kikavu, maana mng'ao ulishawekwa kwenye kerezo na uko hapo chini ya moshi. Nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, kidogo sana, kwenye lakiri iliyo nzima tu, inatosha kwa miaka. Vanishi ya kisasa ya kopo inakauka ikawa ganda lisiloyeyuka tena, inageuka njano, na siku ya kuitoa itabidi kutumia dawa itakayochukua na kilicho chini. Nakereka kidogo ninapoona makopo hayo, kwa kuwa katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walivuka bahari kuja Unguja kununua sandarusi, utomvu wa kale wa miti uliochimbwa Mrima, pwani yetu ya bara, ipelekwe kutengeneza vanishi za magari ya farasi na samani za watu wakubwa. Tulikuwa tunaiuzia dunia mng'ao.

Fundi wako sasa. Usimfukuze, ana kazi nzuri ya kufanya, tena ya lazima. Kwa umri huu, bila shaka mbao zinazobeba godoro zimechoka, na viungo vya mifumbati vimelegea. Ndivyo vinavyotikisa mchago kila mtu anapogeuka usingizini na kuvidondosha vioo rangi. Mwombe atengeneze kitanda ndani ya kitanda: fremu ya mbao mpya yenye miguu yake mifupi, ikae ndani ya mifumbati bila kuigusa, ibebe godoro na maharusi wote wawili. Samadari ibaki imesimama kuizunguka, haibebi kitu. Ukitandika shuka hakuna atakayeona. Viungo vya zamani avigundishe kwa gundi ya ngozi inayofunguka kwa joto na unyevu, asipige misumari, asitie gundi ya kuchanganya mbili. Likihitajika tendegu jipya, alikereze, liachwe na rangi moja tulivu bila kuigiza mistari.

Miezi minne haitoshi kwa yote. Inatosha kwa mchago kulazwa na kutibiwa, ubao kusafishwa, matendegu mawili yenye lakiri kufutwa, na fremu ya ndani kukamilika. Ya kijani yaingie chumba cha harusi yakiwa ya kijani, na pazia la chandarua lifungwe upande huo. Tutayarudia baada ya fungate.

Kila kitakachofanyika kiandikwe chini ya kitakizo cha miguuni, upande unaotazama sakafu: tarehe, tendegu lipi limeguswa, kioo kipi kimetiwa dawa gani. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya mti na kusambaa unyevu ukija.